Neno Moja Lililofukuza Wateja

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Nakuambia mapema ili usihangaike kumtafuta. Sasa umeshamjua, tuendelee kwa amani.

Mimi ni fundi wa mapazia. Kusema kweli, fundi ni mke wangu. Yeye ndiye anayekata na kushona. Mimi napima madirisha, nafunga reli na kupanda ngazi. Ndiyo maana mtaani wananiita Ngazi. Kabla ya mapazia nilifuga kuku. Wakaugua wote kwa pamoja, kana kwamba walifanya kikao. Nikauza miavuli. Mvua ikagoma. Dunia imenisomesha katika shule isiyo na likizo, na karo yake ni makofi. Lakini hakuna kofi lililoniwasha kama hili la barua pepe.

Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba. Kuna cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, pasi, na majora ya vitambaa yaliyosimama pembeni kama wageni waliokosa viti. Kompyuta yetu ni kuukuu. Inakaa kwenye rafu, kati ya boksi la ndoano na kopo la vifungo.

Kompyuta ya nini kwa watu wa sindano? Kuna sababu. Zamani wateja walitupa vipimo kwa simu. Mteja anaongea, cherehani inaunguruma, mke wangu anaandika kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa. Siku ya kutundika, pazia linaning'inia juu ya sakafu kama suruali ya kijana aliyerefuka ghafla. Mteja anasema, "Mimi sikusema hivyo." Sisi tunasema, "Ulisema." Ugomvi.

Basi mke wangu akapiga marufuku.

"Kuanzia leo, anayetaka pazia aandike," alisema. "Dirisha lake, kipimo chake, kitambaa chake. Atume kwa imeili. Maneno ya simu hayana shahidi."

Tukachapisha kwenye kadi zetu: Oda zote kwa barua pepe. Na kweli, ugomvi ukaisha. Kazi ya kusoma barua nikapewa mimi. Mke wangu alisema mikono yake ina shughuli, na yangu inapenda kupumzika.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipokwenda kwenye maonyesho ya biashara. Pale kila kibanda kilikuwa kinagawa kalamu. Bure! Sharti lilikuwa moja tu: uandike anwani yako ya barua pepe kwenye karatasi yao. Niliandika kwenye kibanda cha vitambaa. Nikaandika kwenye cha nyuzi. Nikaandika mpaka kwenye cha magodoro na cha pampu za maji. Mfuko wa shati ukalemea upande mmoja. Nilirudi nyumbani natembea kama mkaguzi wa shule.

"Kalamu zote hizi za nini?" mke wangu aliuliza.

"Za kuandikia."

"Wewe? Hata orodha ya sokoni hujawahi kuiandika."

Haikuchukua muda, barua zikaanza kumiminika. "BEI POA ya vitambaa!" "Nyuzi kwa BEI YA KUTUPA!" "Pampu ya maji, bei haijawahi kuonekana!" Nilikuwa nazifuta asubuhi, jioni zimejaa tena. Barua za wateja wetu zilizama humo ndani kama sindano iliyoanguka kwenye zulia.

Asubuhi moja mke wangu alisimamisha cherehani. Hilo peke yake ni onyo.

"Baba watoto, zipange hizo barua. Jana mteja wa dirisha la jikoni kaja mwenyewe na hasira zake. Kaandika, hajajibiwa."

"Nitazipanga."

"Lini?"

"Leo."

"Kama hujui, muulize mdogo wangu. Ofisini kwao barua zinaingia kama mvua, na hakuna inayopotea."

Mdogo wake ni shemeji yangu. Anafanya kazi ya mapokezi katika ofisi ya kusafirisha vifurushi. Watu wanaotafuta vifurushi vyao humwandikia yeye mchana kutwa. Anajua kazi yake, hilo sikatai. Lakini pia anajua kunicheka.

"Nimuulize shemeji?" nilisema. "Anicheke mpaka mwakani? Mimi nimefunga mapazia ghorofa nzima, nitashindwa na barua?"

Mke wangu alinitazama, akakanyaga cherehani.

Nikaifungua kompyuta. Nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta mahali pameandikwa Vichujio. Nikajiambia, chujio ni chujio, liwe la chai au la barua. Maelezo yake yalikuwa mafupi. Unaandika neno. Kisha unachagua barua zenye neno hilo zifanywe nini. Ukishahifadhi, kompyuta inafanya yenyewe kila barua inapoingia.

Nikazitazama zile barua za matangazo moja moja. Vitambaa, nyuzi, magodoro, pampu. Zote zilikuwa na neno moja: bei. Nikahisi nimemshika mwizi kwa kola ya shati. Neno, nikaandika: bei. Kitendo, nikachagua: zitupwe. Nikahifadhi. Nikapiga mluzi.

Kesho yake kikasha cha barua kilikuwa kimetulia kama darasa mwalimu mkuu akiingia.

"Mama, njoo uone kazi ya mwanamume!"

Alikuja, kidole kikiwa na kastabini yake ya kuzuia sindano. Akatazama.

"Mh! Hongera. Umefanyaje?"

"Siri ya ufundi."

Hapo nilikosea mara ya pili. Kosa la kwanza lingetengenezeka kama mtu mwingine angejua nilichofanya. Lakini nililifungia kifuani kama mtu aliyegundua dhahabu.

Siku hizohizo mke wangu alikuwa na jambo lake kubwa. Hospitali ilikuwa inafungua wodi mpya ya wazazi. Muuguzi mkuu wa wodi hiyo alitaka mapazia yanayozuia mwanga, ili mama aliyejifungua alale hata mchana. Tena yawe mepesi kufua, maana hospitali hufua kila mara. Mafundi kadhaa waliombwa kupeleka sampuli.

Mke wangu aliishona sampuli yake, akaifumua, akaishona tena. Mwishoni akapata njia yake mwenyewe. Pazia la mbele liwe jepesi. Bitana nzito ya nyuma ifungwe kwa ndoano, iweze kutolewa na kufuliwa peke yake. Sijawahi kumwona anakitazama kitambaa namna ile. Hata siku ya harusi mimi sikutazamwa hivyo.

"Hii ikikubaliwa," alisema, "hakuna atakayeniita tena fundi wa mapazia ya jikoni."

Tulinunua kabisa jora la kitambaa cha bitana, kwa sababu muuzaji alikuwa amebakiwa na hilo tu. Muuguzi mkuu akapokea sampuli. Akasema, "Majibu tutawatumia kwa barua pepe."

Tukangoja.

"Kuna barua?" mke wangu aliuliza kila asubuhi.

"Hakuna."

"Umeangalia vizuri?"

"Kikasha ni safi kama sahani."

Kilikuwa safi kupita kiasi. Wateja wa kawaida nao walikuwa kimya. Aliyeandika ni binamu yangu tu, yule anayetuma dua ndefu na kukutisha kwamba usipoisambaza kwa watu saba utapatwa na jambo. Binamu hakukosa hata siku moja.

Mimi nikapata wa kumlaumu. "Ni yule fundi mpya wa pale kona," nilisema. "Amewachukua wateja wetu wote."

Mke wangu akaacha kuuliza. Hilo lilikuwa baya zaidi. Akiongea, unajua umesimama wapi. Akinyamaza, hata mkasi unatembea kwa adabu.

Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, nilimkuta amelilaza lile jora la bitana juu ya meza. Mkasi mkubwa uko mkononi.

"Unafanya nini?"

"Nakata foronya."

"Hicho si kitambaa cha wodi?"

"Wodi gani?" Hakuinua macho. "Wangenitaka wangeandika. Kazi yangu haikuwapendeza. Basi. Kitambaa hakitakaa pale kona kikinicheka."

"Subiri kidogo..."

"Nimesubiri."

Mkasi ukapita. Kwaruuu! Kipande kikaanguka. Nilihisi kama umepita kwenye shati langu, nami nikiwa ndani.

Alikuwa anapima kipande cha pili mlango ulipofunguliwa. Akaingia shemeji, mkoba begani, mdomo tayari.

"Dada, siku hizi umepata cheo? Nimekuandikia mara mbili, hunijibu!"

"Umeniandikia nini?" mke wangu aliuliza.

"Imeili! Mwenzangu wa ofisini anataka mapazia ya sebule. Nikakutumia vipimo, nikakuuliza bei. Kimya. Nikakuandikia tena. Kimya. Sasa ananiambia dada yako anaringa."

Mkasi ulitua mezani taratibu. Mke wangu akanigeukia.

"Baba watoto."

"Hazikuja," nilisema. "Naapa hazikuja. Ingia uone mwenyewe."

Shemeji akaishusha kompyuta kutoka kwenye rafu, akaiweka juu ya jora la bitana, akavuta kiti.

"Nipishe, shemeji. Usiogope, siing'ati."

Akatazama kikasha. Akaona dua za binamu. Akatazama kwenye barua taka, hakuna kitu. Kisha akafungua sehemu ya vilivyotupwa. Skrini ikajaa kutoka juu mpaka chini.

"Mungu wangu! Hapa si tupio, hapa ni ghala!" Akashusha ukurasa. "Mteja wa dirisha la choo. Mteja wa mapazia ya shule. Mimi hapa. Mimi tena hapa. Dada, barua hazikupotea. Zilikuwa zinaingia mlangoni na kutokea dirishani. Nani ameweka kichujio?"

Mke wangu alinitazama mimi. Mimi nilitazama dari.

"Ni neno moja dogo tu," nilisema.

"Lipi?"

"Bei."

Shemeji alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Shemeji! Umefungua duka, ukamwajiri mlinzi, ukamwambia: mtu akiuliza bei, mtupe nje!"

"Nilitaka kuzuia matangazo!"

"Umezuia na chakula cha jioni."

Mke wangu hakucheka. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Ya hospitali imo?"

Shemeji akaacha kucheka. Akaandika neno "wodi" kwenye sehemu ya kutafutia. Zikatokea barua tatu. Akasoma ya kwanza kwa sauti.

"'Sampuli yenu imetupendeza kuliko zote tulizopokea. Wazo la bitana ya kutolewa ni zuri sana. Tafadhali tutumieni bei kwa madirisha yote ya wodi.'" Akafungua ya pili. "'Bado tunasubiri bei yenu.'" Akafungua ya tatu, na sauti ikabadilika. "'Tusipopata bei yenu hadi Ijumaa saa kumi jioni, kazi atapewa fundi anayefuata.'"

"Ijumaa gani?" niliuliza.

"Hii, shemeji. Leo. Na saa hizi ni saa tisa kasoro."

Mke wangu alikuwa ameweka kiganja juu ya kile kitambaa alichokikata.

"Soma tena ile ya kwanza," alisema.

"Dada, muda!"

"Soma tena."

Shemeji akasoma tena. Kuliko zote tulizopokea. Mke wangu alivuta pumzi, akavua kastabini kidoleni, akaiweka mfukoni.

"Haya. Andika," alisema. "Mimi nataja, wewe andika. Na wewe, Ngazi, lete vipimo vya madirisha."

Siku hiyo mke wangu aliniita Ngazi. Nikajua kesi yangu bado haijaanza kusikilizwa.

"Ngoja kwanza," shemeji alisema. "Kabla ya kutuma, tukiondoe kile kichujio. Wao wakijibu wataandika neno bei, na jibu litatupwa kama mengine."

Akarudi kwenye Vichujio, akakifuta changu. Kilifutika upesi mno kwa kitu kilicholeta hasara ile. Kisha tukaandika. Mke wangu alitaja bei ya kila dirisha, bitana na kazi ya kufunga. Mwanzoni aliomba radhi kwa kuchelewa. Shemeji akasoma yote kwa sauti, wakasahihisha tarakimu moja, akatuma. Saa kumi ilikuwa bado haijafika.

"Sasa?" niliuliza.

"Sasa tunangoja. Na wakati tunangoja, wewe unasoma. Kaa hapa."

Nikakaa.

"Kichujio kina nusu mbili," shemeji alianza. "Ya kwanza ni 'ikiwa'. Ya pili ni 'basi'. Ikiwa barua ina neno hili, basi ifanyiwe hivi. Ikiwa barua imetoka kwa mtu huyu, basi iwekwe pale. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Ndivyo nilivyofanya."

"Ndivyo ulivyofanya, na ulikosea nusu zote mbili. Ulijiuliza: ni neno gani liko kwenye barua nisizozitaka? Swali hilo ni nusu tu. Jiulize pia: je, neno hilo liko kwenye barua ninazozitaka? Kama liko, liache."

"Basi tuweke 'kitambaa'."

"Wateja wako hawataji kitambaa?"

"Wanataja."

"Toa."

"'Punguzo'?"

Mke wangu akaingilia. "Punguzo? Kwa wateja wetu hiyo ndiyo salamu. Wakishasema punguzo ndipo wanauliza hujambo."

"Toa," shemeji alisema. "Hebu fungua tangazo lolote, ushuke mpaka chini kabisa. Soma."

Nikafungua lile la pampu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, paliandikwa: Kujiondoa kwenye orodha hii, bofya hapa. Nikafungua la vitambaa. Maneno yaleyale. La magodoro, vilevile.

"Mteja wa pazia anaandika 'kujiondoa kwenye orodha hii'?" shemeji aliuliza.

"Hapana."

"Hayo ndiyo maneno ya kuweka. Yanayapata matangazo na kuwaacha wateja. Tena yaweke ndani ya alama za kunukuu, ili mashine iyatafute yakiwa pamoja, kwa mpangilio huohuo."

Nilinyosha kidole kwenda kuhifadhi. Akanipiga kofi dogo mkononi.

"Haraka ya nini? Kwanza tafuta maneno hayo, uone wavu wako utavua nini."

Akayaandika kwenye sehemu ya kutafutia. Yakatokea matangazo, foleni ndefu. Lakini katikati palikuwa na barua za chama cha mafundi cherehani.

"Hizo nazitaka," mke wangu alisema. "Humo ndimo wanamotangaza mafunzo."

"Umeona, shemeji? Ungehifadhi tu, dada angekosa mafunzo. Hapa tunaandika anwani ya chama, tunasema hii isiguswe." Akaandika. "Sasa nusu ya pili. Barua hizi zifanywe nini?"

"Zitupwe!"

"Wewe na kutupa! Hapana. Zipelekwe kwenye folda yake. Tuiite Matangazo. Zikikaa huko hazikusumbui, na ukikosea unaikuta barua yako imekaa inakungoja. Vilivyotupwa havikai milele. Baada ya muda mashine inavifuta moja kwa moja. Ungeendelea hivi wiki chache zaidi, hata mimi nisingeweza kuwasaidia."

Mke wangu aliniangalia tena. Nikajifanya nasoma skrini.

"Na kale kamstari ka kujiondoa, nikabofye?" niliuliza, ili nibadili mazungumzo.

"Kama ni kampuni unayoijua na uliwapa anwani mwenyewe, bofya, wataacha kukuandikia. Kama humjui aliyetuma, usibofye chochote. Wengine ni matapeli, wanataka kujua kama kuna mtu nyumbani. Tena usiache kuwa macho eti kwa sababu una kichujio. Kinapanga barua. Hakijui nani mwongo."

Kisha tukatengeneza kichujio cha pili, cha wateja.

"Hiki niachie mimi," nilisema. "Neno ni pazia. Kwisha."

"Tafuta tuone."

Nikatafuta. Zikaja barua chache mno.

"Sasa tafuta 'mapazia'."

Zikaja nyingine, tena nyingi zaidi.

"Mbona ile ya kwanza haikuzileta?" niliuliza.

"Kwa sababu mashine hii inatazama sura ya neno tu. Haijui kama pazia na mapazia ni ndugu. Iandikie yote mawili. Weka na dirisha, madirisha, vipimo, bitana. Na uiambie: barua ikiwa na lolote kati ya haya. Usipoiambia 'lolote', itasubiri barua yenye yote kwa pamoja, na utasubiri nayo."

Folda hiyo tukaiita Oda. Shemeji akaweka alama ili barua za folda hiyo zisipelekwe kamwe kwenye taka. Kichujio cha tatu hakikuhitaji maneno. Kilisema: ikiwa barua imetoka kwenye anwani ya hospitali, basi iende Oda na iwekewe nyota. Mwisho, akazirudisha barua zote kutoka kwenye tupio na kubofya ili vichujio vipya vipange na hizo za zamani. Zikaanza kukimbilia mahali pake kama wanafunzi waliosikia kengele. Matangazo yakaenda kwao. Wateja wakaja kwetu.

"Hawa wote ni wetu?" mke wangu alisema. Aliinama karibu na skrini. "Yule fundi wa kona hakuchukua mtu!"

"Nitamwomba radhi," nilisema.

"Hao kwanza," alisema, akionyesha skrini. "Utamjibu kila mmoja. Unaanza kwa kuomba radhi, kisha unataja bei. Unalijua neno hilo, eti?"

Kompyuta ikalia. Ting! Pembeni mwa neno Oda pakatokea namba moja, na barua ikakaa humo ikiwa na nyota. Ilitoka hospitali. Hakuna aliyenyosha mkono.

"Fungua, dada," shemeji alisema.

Mke wangu alifuta vidole kwenye aproni, ingawa vilikuwa vikavu. Akafungua. Akasoma kimya, midomo ikicheza. Kisha akakaa juu ya kiti cha cherehani.

"Tumepokea," alisoma kwa sauti. "Bei inafaa. Njooni Jumatatu mpime upya madirisha, kazi ianze."

Shemeji alipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza nani anaolewa. Mimi nilitaka kumkumbatia mke wangu. Alinizuia kwa kidole kimoja.

"Wewe jibu barua," alisema. Lakini alikuwa anacheka.

Tangu siku ile tumebadilika. Neno la siri la barua tunalijua wote wawili. Hakuna anayeweka kichujio bila kumwambia mwenzake. Mara moja kwa wiki tunafungua Matangazo na barua taka, tukitazama kama kuna mteja aliyepotea njia. Mara moja tulimpata mmoja, akiwa amekaa katikati ya magodoro. Tukakirekebisha kichujio, yeye akapata mapazia yake. Hata binamu nilimwekea folda. Dua zake zinaenda humo zikapumzike. Sikuzitupa. Binamu ni binamu. Na kile kipande cha bitana kilichokatwa kikawa foronya kweli. Mimi ndiye ninayeilalia, kwa amri.

Siku ya kufunga mapazia ya wodi, nilikuwa juu ya ngazi, reli mkononi. Mke wangu alikuwa chini ananipa ndoano. Katika kitanda cha dirishani alilala mama mmoja na mtoto wake. Nilipovuta bitana, mwanga ukapungua, kichanga kikakunja uso, kikapiga mwayo, kikalala. Muuguzi mkuu alitazama yote hayo, mikono nyuma, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kazi nzuri sana," alisema. "Lakini mlinitia wasiwasi. Barua tatu! Nilikuwa naelekea kumwita mwenzenu. Kulikuwa na nini?"

"Ni kompyuta," nilijibu haraka kutoka juu. "Ilitupa barua zenu zote."

"Ilitupa yenyewe?" mke wangu aliuliza kutoka chini.

"Niliiambia neno moja tu. Ingepaswa kuelewa nilichokusudia."

"Ielewe vipi?"

"Mtu yeyote angeelewa! Fundi anataka wateja, hataki matangazo. Hilo linahitaji kusemwa? Hata mtoto angejua. Mimi sina kosa hapo." Nikamgeukia muuguzi mkuu, nimpate shahidi. "Tatizo, mama, ni kwamba kompyuta haina akili."

Wauguzi wawili waliokuwa wanatandika vitanda wakasimama kusikiliza. Mke wangu akanipa ndoano ya mwisho.

"Haina," alisema. "Ndiyo maana ilikuwa inatumia zako."